Mama Mizani na Vitambaa vya Mkwewe

Pale wodi ya wazazi tunamwita Mama Mizani. Mzazi akishajifungua, Mama Mizani hukusanya vitambaa vyote vilivyolowa na kuvipima, mkunga apate kujua damu iliyopotea. Mwaka huu daktari analinganisha njia mbili za kuanzisha uchungu, vidonge na kipira kinachowekwa kwenye mlango wa kizazi na kujazwa maji, ajue ipi inafuatiwa na damu nyingi zaidi. Mzazi anayekubali kushiriki huchagua bahasha iliyofungwa, na njia yake imo ndani. Tangu hapo Mama Mizani anatembea kama waziri.

"Mchumba," huniita mimi mfagizi, kwa kuwa anajua nitaona haya, "sogeza ndoo yako, sayansi inapita."

Jumanne ikawa zamu ya mkwewe, mke wa mwanawe, mimba ya kwanza, bahasha ya kipira. Mama Mizani hakutania tena, maana dada yake alifariki kwa kuvuja damu akijifungua. Tena ndugu haruhusiwi kumpimia ndugu. Akanikabidhi mizani, akatoka nje ya mlango.

Mtoto alilia saa nane mchana. Nikajaza vitambaa kwenye beseni, nikapima, nikasoma: "Elfu moja na themanini."

Damu ikivuka gramu mia tano ni hatari. Mkunga aliruka. Akabonyeza tumbo, akashika mshipa wa mkono.

"Mbona tumbo limekaza vizuri? Na damu imekata."

"Sista," mkwe akasema, "kama sifi, naomba chai."

Mlango ukagongwa. "Mchumba, umetoa uzito wa beseni?"

Nikalitazama beseni.

"Na wa vitambaa vikavu je?"

Nikainua macho ukutani. Beseni gramu mia nne, vitambaa vikavu mia nne na ishirini. Vyote alikuwa ameviandika ukutani, mbele ya pua yangu. Mkunga akapiga hesabu mwenyewe: mia mbili na sitini.

"Huyu bwana ametupimia damu ya beseni," akasema, akacheka mpaka akashika kitanda.

Mama Mizani aliingia bila kusubiri ruhusa, akamshika mkwe uso kwa mikono miwili.

"U mzima?"

"Mzima, Mama. Chai tu."

Akakaa kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, akicheka huku machozi yanamtoka, nasi tukacheka naye bila kujua kwa nini hatuwezi kuacha. Alipopata pumzi akatutazama mmoja mmoja.

"Hivi mlisema ni mtoto gani, wa kike au wa kiume?"

Hatukuwa tumesema, kwa sababu hakuwa ameuliza.