Paka wa Mama Mkwe Nilimtorosha Mimi

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunituliza aniambie sikukosa. Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana nakuambia wewe. Wanaonijua wananisifu kuwa mke mwema, maana mama mkwe wangu namkunia nazi, namfulia, namchambulia samaki. Mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili. Hawajui kwamba vile vitatu vimekwenda kwa sababu yangu.

Tunakaa kijiji kimoja karibu na Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji. Tulipokimbia vita nyumba ilibaki peke yake, na tuliporudi majani yalikuwa yamefika dirishani. Wiki ya kwanza tu mume wangu aliua nyoka watatu: mmoja chini ya mtungi, mmoja kwenye paa la makuti, mmoja chooni. Nikasema tuhame. Mama mkwe akasema yeye kishakimbia mara moja, inatosha, safari hii nyoka ndio watakaohama.

Na kweli walihama. Yule mama alikuwa na amri kama za askari. Uwanja unafagiwa kila asubuhi mpaka ubaki mchanga mtupu, nyoka akipita tuone njia yake. Makumbi ya nazi hayalali karibu na nyumba. Kuni haziegemezwi ukutani. Tundu likionekana leo, linazibwa leo hii hii kwa udongo na jivu. Na mkono hauingii kapuni kabla hujaligonga kapu kwa kijiti. Nikisahau hata moja, nilikuwa namsikia: "Wee mkwe, kwenu mlikuwa mnafuga nyoka?"

Tena alikuwa na paka. Mweusi, mwembamba, sikio moja limechanika, akamwita Chausiku. Alimwokota kambini tulikokimbilia, akarudi naye kwenye lori, wenzake wamepakata masufuria, yeye kapakata paka. Watu walimcheka njia nzima. "Nyoka hamfuati mtu," aliwajibu. "Anafuata panya. Chausiku akiwamaliza panya, nyoka atakuja kwangu kufanya nini?"

Sasa mie kazi yangu ni pweza. Maji yakitoka naenda mwambani na wenzangu, nikirudi nampondaponda pweza mpaka alainike, kisha namtandaza kwenye chanja juani. Akikauka, wachuuzi wanavuka naye Ruvuma kwenda Mtwara. Chausiku akaonja. Leo mguu mmoja, kesho miwili. Nikaenda kumshitaki kwa mama mkwe, naye alikuwa anasuka mkeka, uso hakuinua.

"Mkatie kipande chake kila siku, atakuachia wengine wote," akasema. "Na yeye anafanya kazi hapa."

Ningemkatia, yangeisha. Sikumkatia. Na niseme ukweli, hasira yangu haikuwa ya paka. Nilichoka kuambiwa nifagie wapi, kuni niweke wapi, kana kwamba mimi ni mgeni nyumbani kwangu mwenyewe. Mama mkwe sikumweza, nikamwonea paka wake.

Kulikuwa na mtu wa kisiwa cha Makaloe, tumwite Saidi, aliyekuja na boti kununua muhogo. Akawa analalamika barazani kwetu kwamba panya wanawatafunia nyavu. Kesho yake mama mkwe akaenda msibani, kijiji cha pili. Nikamtia Chausiku kwenye kiroba, nikampelekea Saidi ufukweni.

"Kakutumieni mama mkwe wangu," nikamwambia. "Anaitwa Chausiku. Anasema ninyi mnamhitaji zaidi yetu."

Saidi alifurahi mno. Akaniambia nimfikishie mama salamu na shukrani zake. Sikuzifikisha.

Kabla ya magharibi mama mkwe alirudi, akaanza kuzunguka nyumba akimwita. Nikazunguka naye. Mie ndiye niliyeita kwa sauti kubwa kumshinda yeye, mpaka majirani wakatoka kutusaidia. Tulipochoka akaketi kizingitini, akasema, "Juzi nilimchapa, kanichafulia ukili wangu wa mikeka. Kaninunia. Kaenda zake."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikamwambia, "Atarudi, mama."

Tangu siku ile, kila jioni alikuwa akiweka kichwa cha samaki kwenye kifuu nje ya mlango wa jikoni. Asubuhi kifuu kitupu, anafurahi. Mie nilikuwa nawaona panya wakikigombania.

Hawakuchukua muda. Walianza na muhogo mkavu, wakaingia kwenye mahindi, wakamalizia kwa pweza wangu. Walichokula wiki moja, Chausiku asingekila mwaka mzima. Mama mkwe akazidisha kufagia, akazidisha kuziba matundu, mgongo unamuuma, anaziba tu. Akanituma nitafute paka mwingine. Nikasema nitatafuta. Sikutafuta, maana kila nikimfikiria paka mwingine ndani ya nyumba ile nilikuwa naona aibu, na aibu nikaigeuza uvivu.

Asubuhi moja nilikuwa uwanjani nafunga chanja. Mama mkwe akaingia jikoni kuchukua ukili kwenye kapu kubwa, lile alilokuwa akilalia Chausiku. Kijiti cha kugongea alikuwa nacho mkononi, nilikiona kwa macho yangu. Mara ndani ya kapu kukachakarika. Hata mie huku nje nilisikia. Kisha nikamsikia mama mkwe, kwa sauti laini ambayo hajawahi kuniitia mimi:

"Chausiku? Umerudi, mwanangu?"

Akaweka kijiti chini, akatia mkono.

Alikuwa swila, yule nyoka anayetema mate ya sumu. Panya walikuwa wamezalia humo kwenye ukili, naye kawafuata. Jirani alikuja kumuua na mpini wa jembe, na tumboni alikuwa kavimba, keshakula. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, ameushika mkono wake, anauangalia. Hakulia. Aliniambia nisilisogelee kapu.

Wakatokea wa kutaka kumchanja wembe, wakatokea wa kutaka kumfunga kamba. Mume wangu akakataa yote. Tukaufunga mkono kwenye kipande cha ubao usitikisike, tukamweka kwenye pikipiki, mie nyuma nimemkumbatia. Njia nzima nilikuwa nasikia moyo wake unapiga mgongoni, mwepesi mwepesi. Nilitaka nimwambie kila kitu pale pale, nikaogopa atakufa akinichukia. Unaona nilivyokuwa najifikiria mimi.

Hospitalini walimchoma soro, dawa ya kuvunja sumu, na roho yake ikapona. Lakini sumu ya swila inaozesha nyama. Mkono ulivimba, ukawa mweusi, ukaanza kutoa harufu. Mwisho wakamkata kidole gumba na viwili vinavyofuata. Mikeka yake ilikuwa ikiagizwa mpaka Mocímboa, kila bi harusi anautaka mkeka wa yule mama. Sasa hata tonge analikusanya kwa shida.

Akiwa pale kitandani akaniita karibu. "Mkwe, nisamehe," akasema. "Nimekusumbua miaka yote ugonge kapu, na mwenyewe sikugonga." Nililia mpaka nesi akaja kunitoa nje. Nikamsikia anamwambia mwenzake kwamba wakwe wanaopendana hivi hajawaona siku nyingi.

Miezi ikapita. Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, mume wangu yuko Palma kazini, Saidi akafika na kikapu kimefunikwa kitambaa. Mama mkwe alikuwa barazani. Mie nilikuwa natoka ndani na chai.

"Mama, habari zako zimenifikia, pole sana," Saidi akasema. "Nikaona nisije mikono mitupu. Nimekuletea mjukuu." Akafunua kitambaa, akatoa paka mdogo, mweusi. "Wa Chausiku huyu. Tangu ulipotutumia yule paka, nyavu zetu zimepona, na kazaa mara mbili. Mkweo si alikufikishia shukrani zangu?"

Mama mkwe akamwangalia Saidi. Akaniangalia mimi. Kisha akarudisha macho kwa mgeni.

"Alizifikisha," akasema. "Ahsante, baba. Keti unywe chai."

Saidi alikunywa vikombe viwili, anasimulia habari za kisiwani, na mama mkwe anamjibu vizuri tu. Alipoondoka nikapiga magoti. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza neno moja.

"Kwa hiyo hakuninunia?"

"Hakukununia, mama. Ni mimi."

"Miezi yote hii nilijua nimemfukuza kwa kumchapa," akasema. Akampakata yule paka mdogo kwa mkono mzima, akaingia ndani. Habari hiyo hajaigusa tena mpaka leo.

Hajanigombeza tena tangu Ijumaa ile. Ungedhani nimepumzika. Nimewahi kuegemeza kuni ukutani kwa makusudi, ili tu anifokee. Alizitoa mwenyewe, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Akitaka maji ananiomba kwa upole, kama anavyomwomba mke wa jirani. Hajamwambia mwanawe. Najua ananingojea nimwambie mimi, na kila siku naiacha ipite, hivyo hivyo kama nilivyoiacha ile jioni ya kwanza kizingitini.

Basi nikuombe wewe. Mkweo akikusumbua na fagio lake, fagia. Akikuambia ugonge kapu, ligonge. Paka wake akila pweza wako, mkatie kipande, na kama kweli humtaki, mtoe mchana kweupe ukitukanwa utukanwe. Na ukishatenda baya, liseme siku ile ile, mwenzio anapozunguka nyumba akiita. Usizunguke naye ukiita.

Mie nimeweza kuyaandika haya kwa watu nisiowajua. Jana usoni kwa mume wangu nimeshindwa. Alikuwa anakula, kafurahi, akasema, "Siku hizi wewe na mama mnaelewana. Sisikii tena kelele humu ndani."

Mama yake alikuwa pale pale, paka yuko mapajani. Akaninyanyulia macho, akangoja.

"Tunaelewana," nikamjibu.