Aliyelinda Dungu la Kilelengwani

Usiponiamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo, na akili zangu zilikuwa timamu.

Mwaka ule wa mvua za El Niño nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya misaada, Garsen. Mashine yangu ilipokea vipimo vya maji ya mto Tana kutoka sehemu zake za juu, nami nikiwatangazia watu wa kijiji cha Chara kwa redio, wahame au wakae. Maisha yao yalikuwa kwenye kile kioo cha mashine.

Adhuhuri moja wenzangu walikwenda kuswali. Akaingia mzee, shuka imelowa chapachapa, kombeo la kufukuzia ndege mkononi.

"Binti, mwenzio huyo amelala," akasema, akiionyesha kompyuta.

Nikacheka. Kioo si kinawaka? Namba si hiyo hapo?

"Kwetu Kilelengwani tukilinda mpunga, kila mtu juu ya ulingo wake, yaani dungu, dungu kwa dungu twaitana. Asiyeitika twamwamsha. Hatungoji atuombe."

Nikaizima, nikaiwasha. Wallahi, namba iliruka juu ghafla. Mto ulikuwa ukipanda tangu asubuhi, na mashine imeganda. Nikashika redio. Chara walihama wote, na jioni maji yakafika madirishani mwao.

Nilipogeuka kumshukuru, hayupo. Matope ya mlangoni yalikuwa na alama za viatu vya sisi wa ofisini tu.

Baadaye mama mmoja wa Kilelengwani alikuja kuchukua unga, nikamsimulia. Akakaa chini.

"Huyo ni marehemu mume wangu. Alisinzia dunguni, mto ukaja. Wa dungu la pili hakumwita."

Basi nikaingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, ambako wengi huogopa kugusa. Mlikuwa na saa ya ulinzi humo: programu isipoitika kwa dakika moja, kiini chenyewe kinaiwasha mashine upya. Lakini waundaji waliiacha imezimwa mpaka mtu aiombe. Nikakijenga upya kiini, saa ianze kazi mashine inapowashwa tu, kwenye kompyuta zote za ofisi.

Bosi akasema anayeitaka ataiwasha mwenyewe. Nikamwuliza, aliyelala ataombaje? Akaniruhusu niiache ikiwaka. Najivunia swali lile hadi leo, na mashine zangu hazikulala tena zikakosa wa kuziamsha.

Ila tangu hapo, kila jua likiwa utosini, nasikia naitwa. Naitika "Nipo," hata mkutanoni, wacha wacheke. Nawe ukimwita mwenzio akanyamaza, nenda, usingoje. Mimi siku nisipoitika, namjua atakayekuja kuniamsha, na shuka yake itakuwa bado imelowa.