Kazi Tatu za Mizizi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, anajua kazi tatu za mizizi, na ana kinyongo na dunia nzima kwa kutomuuliza.

Ukiwasikiliza wazee wa rika lake, utadhani enzi zao mtoto wa darasa la nne alitakiwa kujua kila kitu chini ya jua: mito, sayari, mifupa ya mwili, kuzidisha kwa kichwa. Usiwaamini sana. Mwalimu wao alikuwa mjanja. Aliposikia mkaguzi wa shule anakuja, aliigawa elimu kama mtu anayegawa peremende: kila mtoto swali moja na jibu lake, akalikariri mpaka aliote. Siku ya siku mwalimu angeuliza kwa kufuata madawati, mkaguzi akisikiliza. Ndiyo maana hadi leo ukitaka kujua kwa nini chuma hushika kutu, inabidi umtafute mkunga mstaafu wa mtaa wetu. Ukimuuliza kuhusu sayari, atakuonyesha nyumba ya muuza mkaa.

Shangazi alipewa mizizi. Jirani yake wa dawati, ambaye siku hizi ni seremala, alipewa kwa nini tunachemsha maji ya kunywa. Jibu lake lilikuwa fupi: kuua vijidudu. Lakini zamu yake ilipofika, yule mvulana alisimama akamwaga maneno. Akaeleza vijidudu, akaeleza sufuria, mfuniko, kikombe safi, hata kuni zisizo na moshi. Mkaguzi akacheka, akafunga kalamu yake, akasema, "Inatosha. Watoto hawa wameiva." Akaondoka. Aliyekuwa anafuata ni shangazi.

Neno lile "inatosha" halitamkwi nyumbani kwake. Akikupakulia chakula ukashiba, sema umeshukuru, vinginevyo utakula mpaka ukome. Na mizizi anaichomeka popote. Mteja akileta kitambaa cha maua, atasikia kwamba maua ni mapambo tu, kazi iko chini. Daktari wa meno alipomwambia jino limeoza mpaka mzizini, tulimwona anachangamka, kinywa wazi na chuma ndani yake. Sisi wa nyumbani hatuwezi kumsaidia. Tulipojaribu kumuuliza alikataa, akasema hataki kuhurumiwa. Anataka aulizwe na mtu mwenye kalamu.

Mambo yalizidi kuwa matamu pale mtoto wa seremala alipomwoa binti wa shangazi. Shangazi ndiye aliyeshona nguo zote za harusi. Koti la seremala lilitoka na mkono mmoja mfupi. Akasema kitambaa kilirudi kilipolowa maji.

Juzi mjukuu wao alitumwa na shule aulize wazee walitakiwa kujua nini zamani. Akawakalisha wote wawili kwenye benchi la chumba cha kushonea, mimi nikiwa napiga pasi. Akaanza na babu yake. Seremala akaeleza maji, vijidudu, sufuria, mfuniko. Mtoto akaandika, akaandika, kisha akafunga daftari.

"Inatosha, babu. Asante."

Niliweka pasi kando. Shangazi aliangalia cherehani yake kama vile imemtukana.

"Bado," seremala akasema. "Hujamuuliza bibi yako."

"Mwache mtoto akacheze," shangazi akasema. "Wewe si ulishajibu kwa niaba ya darasa zima? Hukubakiza hata tone."

Seremala alimgeukia. "Nilikuona unatetemeka, mama," akasema. "Dawati zima lilikuwa linatikisika. Nikajua umesahau. Nikasema nivute maneno mpaka yule bwana achoke, usije ukaaibika."

Nilidhani shangazi atapasuka kwa kicheko. Wala. Macho yalimjaa maji.

"Nilikuwa natetemeka kwa hamu," akasema. "Jibu lilikuwa hapa, mdomoni."

Nilimwonea huruma seremala, na kwa mara ya kwanza sikuona raha kumcheka. Yule mtoto ndiye aliyefungua daftari tena na kushika kalamu.

"Bibi, taja kazi tatu za mizizi."

Shangazi akasimama. Akanyoosha gauni, akaweka mikono nyuma. "Ya kwanza, kushikilia mmea usianguke. Ya pili, kufyonza maji ardhini." Midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Magoti yakaanza kutetemeka, na safari hii haikuwa hamu.

Ya tatu tunaijua sote, hata paka wa nyumba ile anaijua. Seremala alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa, akasubiri pamoja nasi mpaka shangazi alipoipata mwenyewe.