Shemeji alivyolazimisha package za server ndani ya app ya vitunguu swaumu

Wakuu, poleni na majukumu. Niko Mbulu mjini, nina kibanda cha kutengeneza simu, na haya nimeyaona kwa macho yangu. Anayebisha aje Endagikot aulize, ila asiseme mimi ndiye niliyemtuma.

Shangazi yangu ni mwenyekiti wa akina mama wanaolima vitunguu swaumu. Kila msimu dalali anakuja na pickup, anapanga bei anavyotaka, wanauza kwa sababu mnunuzi mwingine hawamjui.

Sasa binti yake kaolewa na jamaa wa Katesh. Kasoma kozi ya kompyuta Arusha, basi ukoo mzima tukaambiwa tumwite Engineer.

Engineer akaahidi app. Wanunuzi wa mbali wataona mzigo, watapiga simu, dalali atakoma. Shangazi akawaambia wenzake wasiuze hata gunia moja mpaka siku ya uzinduzi.

Na wiki hiyohiyo shule zilikuwa zinafunguliwa. Ada ya watoto ilikuwa ndani ya yale magunia.

Mimi JavaScript naijua kidogo, nimejifunza mwenyewe mtandaoni. Siku moja Engineer akanionyesha code. App ni ya React Native, ile ya kutengenezea app za simu kwa JavaScript, lakini ndani kajaza package (vifurushi vya code iliyoandikwa tayari) za Node, ile programu ya kuendeshea JavaScript kwenye kompyuta, za kuunganisha database moja kwa moja. Password ya database nayo kaiweka humohumo, iende kwenye simu ya kila mtu. Nikashika kichwa.

Nikamwambia hizi ni za server, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia app, zinategemea vitu ambavyo Node inavyo na simu haina.

Akanicheka kwa huruma.

"Shemeji, JavaScript ni JavaScript. Ng'ombe wa Mbulu akihamia Hanang hageuki mbuzi."

Jamani!

Kwenye laptop code yake ilikubali, maana laptop ina Node. Kwenye simu ikagoma, mara net haipo, mara fs haipo, yaani vile vipande vya Node vya mtandao na vya mafaili. Mwenye akili angesimama ajiulize. Yeye akashusha package nyingine za kuziba mapengo, baadhi tupu kabisa, hazina kitu ndani zaidi ya jina. Error zikanyamaza, akatangaza ushindi.

Nikamfuata shangazi, nikamsihi auze mapema. Akasema hata yeye ana wasiwasi, ila mkwe hakosolewi mbele za watu, kwetu hiyo ni aibu kubwa. Tatizo ni kwamba Engineer akiona watu wamenyamaza anadhani wamemkubali.

Uzinduzi ukafanyika nje ya ghala. Sala, pilau, kisha hotuba ya Engineer kuhusu dunia ya kidijitali, ndefu kuliko ibada. App ikafunguka vizuri, ina logo ya kitunguu. Shangazi akabonyeza "Weka mzigo", ikajifunga. Akafungua tena, ikajifunga tena. Simu zote zikawa hivyohivyo.

Engineer akalaumu mtandao. Halafu akalaumu simu za akina mama. Halafu, naapa, akalaumu baridi ya Mbulu. Hakuna aliyembishia, wakamwongezea pilau.

Dalali alikuwa kapaki nje tangu asubuhi, anasikiliza. Akataja bei ya chini kuliko ya wiki iliyopita, na wakauza wote, shangazi akiwa wa kwanza. Niliumia sana wakuu.

Baadaye nikaitengeneza mwenyewe. Package zilezile nikaziweka kwenye server, ndiko kwao, app ikabaki kuomba data kupitia API, yaani dirisha la server la kupokea maombi. Wala haikuwa kazi ya ajabu, na hapo ndipo hasira inaponipanda.

Nikampelekea shangazi. Akabonyeza, ikakubali.

"Nzuri sana, mwanangu," akasema. "Sasa niuze nini humo?"

Nikarudi kibandani kwangu.

Nilichojifunza: kabla hujainstall package, soma kwanza imetengenezwa ikae wapi. Na kama familia yenu inapata mkwe Engineer, mkosoeni angali mchumba.

Haya, uwanja ni wenu. Hasa nyie wa "mbona kwenye laptop yangu inakubali", nawasubiri kwa hamu.