Niliazima Mama wa Kwenda Naye Hotelini

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba. Naomba unifichie jina, maana Sumbawanga ni ndogo na bado nataka kuishi humu. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nimepanga Milanzi, nafanya kazi kwenye ofisi moja ya mikopo hapa mjini. Mtakaonitukana nitukaneni, nastahili, ila mkimaliza mnishauri.

Kuna hoteli moja mpya ilitoa ofa ya Jumamosi: njoo na mama yako, mnakula mlo kamili kwa nusu bei. Supu, wali, kuku wa kuchoma, matunda, na soda juu. Sisi wadada wa ofisini tuliipokea hiyo ofa kama sikukuu. Kila mmoja akaanza kumtaja mama yake, huyu mwalimu mstaafu, yule nesi. Wakanigeukia, "Na wewe wako vipi?" Nikajibu haraka haraka kwamba yupo, atakuja.

Mama yangu yuko kijijini Kate, analima mahindi na ulezi. Na wiki hiyo hiyo alinipigia akasema, "Mwanangu, Jumamosi nakuja mjini nikuletee maharage mapya." Yaani Mungu alishanipangia kila kitu! Nikamwambia asije, nitashinda kazini. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba nilimuonea aibu mama yangu mzazi. Siku ya mahafali yangu ya chuo alifunga vipande vya nyama kwenye kanga awapelekee wajukuu, halafu akamwita mhudumu kwa sauti amuongezee mchuzi, na Kiswahili chake nusu ni Kifipa. Wanachuo wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nikaona hotelini atarudia yale yale.

Basi nikamfuata mama mwenye nyumba wangu. Ana duka la vitambaa, mama wa mjini kwelikweli, kitenge chake ukikiona lazima ugeuke. Nikamdanganya kwamba mama anaumwa na sitaki ofa inipite. Akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe mtoto, leo unaazima mama, kesho si utakuja kuazima mume!" Lakini alivaa, tukaenda.

Chakula kilikuwa kitamu, sitawadanganya. Balaa lilianza MC alipochukua kipaza sauti akataka kila binti amwambie mama yake neno, huku mhudumu mmoja akirekodi kwa simu. Ningesema "mama nakupenda" nikakaa, yangeisha. Sijui nini kilinipata. Nilimshika mkono yule mama nikaanza kusema habari za mama yangu. Nikasema alivyokuwa anakunywa uji wa chumvi ili sukari ibaki ya sisi watoto. Nikasema alivyouza blanketi lake jipya ili nipate mchango wa mtihani, akawa anajifunika kanga mbili mwezi wa saba mzima, na baridi ya kwetu mnaijua. Nikasema, "Asante mama, bila wewe nisingekuwa hapa." Nililia kweli. Wenzangu wakalia, MC akalia, watu wakasimama kupiga makofi.

Tukiwa kwenye bajaji tunarudi, mama mwenye nyumba alinigeukia. Akasema, "Mwanangu, maneno yale yana mwenyewe. Mbona umenipa mimi?"

Hoteli wakaiweka ile video kwenye ukurasa wao, ikasambaa kama moto wa nyasi. Mke wa kaka yangu kule Kate ana simu kubwa. Nadhani mnaelewa.

Mama alinipigia Jumatatu. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akauliza afya yangu, akauliza kazi. Halafu akasema, "Nimekuona kwenye simu ya wifi yako. Umependeza. Na yule mama naye amependeza." Nikaanza kubabaika, eti mama unajua ilikuwa ofa. Akanikatiza kwa upole, "Lile blanketi, mwanangu, sikujua kama uliona. Nilidhani ulikuwa umelala." Jamani. Bora angenitukana. Maneno hayo sijawahi kumwambia mama yangu hata siku moja, na mara ya kwanza kuyasikia ameyasikia nikimwambia mtu mwingine.

Sasa send-off yangu ni mwezi ujao, na kamati ni wale wale wa ofisini. Mchumba wangu anamjua mama, kwa hiyo alipoiona video nilimwambia ulikuwa utani wa ofisini, akaamini. Kamati wao wanajua mama yangu ni yule wa video, mpaka wameshamchagulia sare ya meza kuu. Juzi nilimpigia mama kumweleza tarehe. Akasema, "Nitakuja, usiwe na wasiwasi. Watu wako wameshamjua yule mama, mwache akae pale mbele. Mimi wakiniuliza nitasema ni shangazi yako. Wala sitafunga nyama."

Ndugu zangu, kumbe ile siku ya mahafali aliona tunamcheka.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri nilimficha. Mama aliposema atajiita shangazi, kabla sijaanza kulia, nilishusha pumzi. Nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Hicho ndicho kinachonitafuna, maana sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Mama mwenye nyumba anasema nipande gari kesho niende Kate nikapige magoti. Nikienda nitamwambia nini mtu ambaye hata hajanikasirikia? Na wale wa ofisini nawaambiaje? Nisaidieni mawazo, wenye mama zenu na mliokwisha kuwazika. Naanzia wapi?