Tairi Juu ya Mahindi ya Mbegu

Siku niliyokabidhiwa tairi jipya la nyuma, mzee wa stoo alinipa mawaidha marefu kuliko niliyopewa siku ya harusi yangu. Alilisimamisha mezani, akalizungusha, akalipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili chake cha Malindi mjini, cha taratibu, kila neno limepigwa pasi, "tairi ni amana. Hili likikufikisha Ramadhani ijayo na meno yake, pikipiki ni yako, wallahi hakusumbui mtu. Likiisha kabla, utaniwia radhi, pikipiki atapewa bwana mbu."

Bwana mbu ndiyo jina tulilompa yule aliyekuwa akizunguka kumwagia dawa madimbwi. Alikuwa amesimama mlangoni wakati huo huo, mikono mifukoni, akiitazama pikipiki yangu ya buluu kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Yeye alikuwa akitembea kwa baiskeli. Mimi, muuguzi wa chanjo, mwanamke, nilikuwa nikipaa juu ya injini. Miaka ile ya themanini jambo hilo halikuwa limezoeleka. Nikipita Gongoni watu walikuwa wakiacha mizani sokoni waje kuangalia.

Nami niseme kweli: niliipenda ile pikipiki. Kabla yake nilikuwa nikikaa zahanati nikifunga vidonge kwenye vikaratasi, kutwa nzima, mpaka vidole vikanuka kwinini. Juu ya pikipiki nilikuwa na kisanduku changu cha barafu, na akina mama walionisubiri, na upepo. Kurudishwa kwenye vikaratasi? Thubutu! Nilikuwa tayari kulibeba lile tairi mgongoni kwa mbeleko.

Basi nikaanza kuuliza tairi hudumu kwa njia gani. Ukitaka kujua nani bingwa wa tairi pwani yetu, uliza mara moja tu, watajitokeza wote. Mzee wa stoo alisema siri ni upepo mwingi, tairi liwe gumu kama jiwe. Fundi wa pancha karibu na soko akasema ukilijaza hivyo litaliwa katikati, na kwenye mchanga litakuzamisha; punguza. Nikapunguza. Kumbe ukishatoka mchangani ukasahau kuongeza, lami ya kwenda Kilifi inalila pembeni, huku na huku. Mwenye kituo cha mafuta akasema adui ni breki. Dereva wa lori la chumvi akasema adui ni jua la saa saba, nisiende mchana. Kana kwamba watoto wachanjwe alfajiri pamoja na jogoo! Bwana mbu, ambaye hakuwa amewahi kumiliki hata gurudumu la toroli, alisema adui ni uzito, na akanitazama kiunoni.

Hapo kwenye uzito, sitabisha sana. Kwetu hupandi chombo peke yako. Ukipita na kiti cha nyuma kitupu umewatukana watu. Nimebeba shangazi yangu na kuku wake sita. Nimebeba mchungaji na gunia la mihogo. Nimebeba bibi mmoja aliyetaka nimshushe palepale njiani kila alipoona mtu wa kumsalimia, na njia nzima ilikuwa watu wake. Kila nikifunga breki nilikuwa nikiona meno ya lile tairi yakibaki barabarani.

Baada ya wiki tatu nikachukua njiti ya kiberiti, kama alivyokuwa akifanya mzee wa stoo, nikaitumbukiza katikati ya meno. Nikaona imepungua kuingia. Nikapiga hesabu zangu, nikakaa kitako. Kwa mawe ya barabara ya Marafa, lile tairi lisingeiona Ramadhani.

Ndipo nikapata akili. Akili ile, niliionea fahari miezi kumi.

Tairi la zamani nilikuwa nalo bado, mzee aliniachia liwe la akiba. Lilikuwa limekaribia kipara, lakini mpira wenyewe ulikuwa mzima. Nikamwomba fundi wa pancha anirudishie lile la zamani kwenye gurudumu. Lile jipya nikalifunga kwa kamba kwenye kiti cha nyuma, nikalipeleka kwa mama yangu, bomani kwetu, kando ya barabara hiyo hiyo ya Marafa. Nikamwambia, "Mama, nifichie hiki. Kisiliwe na jua, kisiliwe na panya, na mtu asikione. Kikiharibika, narudi kufunga vidonge."

Mama akalipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza zaidi. Mama yangu alikuwa mkulima, na kwake kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo kitu cha thamani hakiharibiki: lutsaga, ile dari ya jikoni juu ya mafiga, ambapo Wagiriama huweka mahindi. Moshi unapanda humo asubuhi na jioni, dumuzi hasogei, panya hukohoa akashuka. Mbegu za mwaka ujao hulazwa humo. Mama akalipandisha tairi la serikali, akalilaza juu ya mahindi ya mbegu.

Nami nililiona likiwa huko. Nataka nikiri hilo, maana ningeweza kumtupia mama lawama zote. Nilikuja, nikainua macho, nikaliona limelala pale juu limekunja mikono, nikafurahi. Nilikuwa nimesomea joto linavyoharibu chanjo. Cheti ninacho. Haikunipitia akilini kwamba mpira nao una roho.

Miezi ikaenda. Lile kipara, maskini, lilifanya kazi zote. Lilipanda Marafa, likashuka, likaenda semina Bofa na kurudi, likabeba kuku, wachungaji na mabibi, halikuniangusha hata siku moja. Mvua za masika nililipaka matope makusudi, mtu asione upara. Mzee wa stoo hakuwa mtu wa kutoka juani, kwa hivyo nilikuwa nikiegesha pikipiki upande wa pili wa uwanja na kumsalimia kwa mbali. "Shikamoo, mzee!" "Marahaba, mwanangu. Tairi je?" "Halijambo!" Na kweli halikuwa na jambo. Lilikuwa limelala.

Ramadhani ikakaribia. Nikaenda kwa mama. Akalishusha mwenyewe, limeshika masizi, jeusi mno hata kwa tairi. "Mulungu wangu," akasema, "siwezi kumpa mtu kitu kichafu." Akachukua mafuta ya nazi, yale yale aliyokuwa akitupaka miguuni tukienda kanisani, akalipaka tairi zima kwa kitambaa, katikati ya meno, taratibu, mpaka likang'aa. Nilimtazama nikasikia machozi yananilenga. Hakuna mtu aliyewahi kunihangaikia hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Hata mume wangu alikuwa akiita ile pikipiki "lile dude".

Siku ya ukaguzi, tairi limekwisha rudi kwenye gurudumu, mzee wa stoo alitoka juani. Akainama, akachomeka njiti ya kiberiti, njiti ikazama karibu na kichwa.

"Mwaka mzima?" akauliza.

"Mwaka mzima, mzee."

"Na hiyo njia ya Marafa?"

"Hiyo hiyo."

"Masha Allah!" Akainama zaidi, akanusa. "Mbona lina harufu ya jikoni?"

"Mzee, mimi ni mwanamke," nikamwambia. "Kila kitu changu kinanuka jikoni."

Akatikisa kichwa, ameridhika kabisa, maana ndivyo alivyokuwa akiamini siku zote. Akawaita wanaume wote wa idara, akawaonyesha. Akawaambia wajifunze kwa dada yao. Bwana mbu aliangalia lile tairi muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, na safari hii hakuangalia kiunoni.

Nilitamba siku nne.

Siku ya tano nilikuwa nimepita kwa mama, naelekea Marafa, kisanduku kimejaa chanjo za surua. Akina mama walikuwa wakinisubiri kwenye baraza ya shule. Nikasikia nyuma kitu kinapiga, pa, pa, pa, kama mtu anayekung'uta mkeka. Nikasimama. Tairi lilikuwa linachanika ngozi, vipande vizima na meno yake mazuri, huku kiunoni mwake limejaa nyufa za kuingia kucha. Nikalishika. Likanimeng'enyukia mkononi kama mkate mkavu. Kisha tyubu ikapasuka mbele ya macho yangu.

Nilikaa pale juani nikilinda kisanduku kwa khanga mpaka barafu ikawa maji na maji yakawa vuguvugu. Chanjo zote nilizimwaga. Akina mama, niliambiwa baadaye, walisubiri mpaka alasiri. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo, na sikuicheka siku ile wala siicheki sasa.

Fundi wa pancha alikunja kipande chake, akakinusa. "Dada, hili tairi mmelila au mmelibanika? Mpira hauliwi na safari tu. Moto unauzeesha, na mafuta ndiyo yanaumaliza, hata ukiwa umelala kitandani. Lile kipara lako lingekufikisha Ramadhani ya pili."

"Funga mdomo wako," nikamwambia, "na nitakuchanjia watoto wote mlangoni kwako." Akafunga.

Mbele ya mzee wa stoo nilikuwa na njia mbili. Niseme lilikuwa limelazwa juu ya moto, na hapo nikiri kwamba mwaka mzima nilimdanganya, na kwamba mama yangu, ambaye hakukosea kitu ila kunipenda, ameharibu mali ya serikali. Au ninyamaze. Nikanyamaza.

"Mwaka mzima limekaa salama," mzee akasema kwa huzuni ya kweli, "siku tano limekwisha. Umefanya nini, mwanangu? Umeringa. Ulipojua pikipiki ni yako, ukaenda mbio." Wanaume wote wakaafiki. Mmoja akaeleza kwa kirefu jinsi wanawake wanavyofunga breki. Bwana mbu akakabidhiwa funguo, tairi jipya, na masharti yale yale: Ramadhani mpaka Ramadhani, la sivyo. Mimi nikarudi kwenye vikaratasi.

Mama nilimwambia tairi limeisha kwa kazi. "Basi lilifanya kazi," akasema, akafurahi. "Na mahindi niliyolaza nalo yameota yote, hata mbegu moja haikukosa."

Miezi miwili au mitatu baadaye, Jumapili, nilishuka basi nikaenda kumwona. Nikakuta pikipiki yangu ya buluu uani. Nasema yangu, sijui niiiteje. Bwana mbu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakunywa maji ya dafu, na karibu naye, limeegemea ukuta wa jikoni, tairi jipya. Nikatazama gurudumu la nyuma. Lilikuwa limevaa kipara cha kuazima mahali.

"Karibu, sista," akaniambia, akicheka kwa aibu kidogo. "Mimi nilipita kuomba maji tu, na mama akanisimulia lile tairi lako lilivyokuwa likikaa hapa juu. Nikasema ala! Kumbe ndiyo maana! Umetuficha, sista. Sasa usikasirike nikikwambia kweli: kulihifadhi ulijua, kuendesha ndiko kulikokushinda."

Nikamtazama. Nilikuwa na neno mdomoni, lote, limekamilika. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu yote ilikuwa kumwambia mtu jambo kabla halijaharibika.

"Na huyu kijana ana adabu," mama akasema, amekwisha panda kwenye kinu mle jikoni, chini ya lutsaga, na mikono ameinyoosha. "Nimemwambia mahali bado papo. Nipandishie, mwanangu, wewe mkono wako ni mrefu."

Nililinyanyua lile tairi. Lilikuwa zito, lina harufu ya dukani, meno yamesimama. Nikalipandisha, nikalilaza vizuri juu ya mahindi ya mbegu, katikati kabisa, moshi uliposhika.

Bwana mbu akashukuru sana. Mama akaniuliza kama nitakula. Nikamwambia nitakula, nikarudi jikoni, nikachutama mbele ya mafiga, nikaongeza kuni.