Kuku na Mbuzi za Miguu Ishirini

Mwaka wa 1964, nikiwa na miaka tisa, baba alishuka Beni kuuza viazi na hakurudi tena. Masomo yangu ikaisha hapo. Nilibeba mizigo ya wengine kutoka Lubero mpaka Butembo, kisha nikabeba ya kwangu. Vita ilipita, ingine ikakuja. Donc mutu akiuliza niko na nini nyumbani, kwanza ninamuangalia mikono.

Mjukuu wangu, mutoto wa binti yangu wa Bungulu, kule Beni, anakaa kwangu Butembo kwa sababu ya masomo. Kule kwao usalama leo uko, kesho hapana. Mwaka uliopita nilimukuta ndani ya zizi, midomo inatembea. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema mademoiselle wao, mwalimu wa darasa, ametoa hesabu: kuku na mbuzi ziko pamoja na miguu ishirini, ni kuku ngapi na mbuzi ngapi? Kila mutoto alete jibu yake.

Kila mutoto alete yake! Nikasikia baridi. Kwetu, mbele ya wezi wenye silaha kufika, mutu mwingine amekwisha kupita kuuliza-uliza batoto nyumbani kuna nini. Muke wangu akacheka, akasema mimi hata mvua ninaishuku. Nikapeleka mbuzi kwa shemeji, na mjukuu nikamuambia: nitamuona huyo mwalimu, kama hanipendezi, unarudi Beni. Mutoto hakula.

Asubuhi nikaingia darasani. Mwalimu ni binti mudogo tu. Kwa tableau, ubao wa darasa, batoto wameandika kuku mbili na mbuzi nne, kuku nne na mbuzi tatu, kuku sita na mbuzi mbili, na zote amezikubali. Hesabu gani inakubali kila mutu? Wakati wangu jibu ilikuwa moja, na fimbo pembeni.

"Binti, nani amekutuma kuhesabu mbuzi za watu?"

"Papa, hizi hapana za mutu. Ni za tableau."

"Mbuzi bila mwenyewe sijaona bado."

Batoto wakacheka. Akaniomba nijaribu, nichague kuku ninazotaka. Nikasema tatu, kwa kumutega. Mjukuu wangu akasimama nyuma bila ruhusa, akaniita babu kwa lugha yetu.

"Sokulu, kuku tatu haiwezekane. Mbuzi ya mwisho itatembea na miguu mbili."

Nikahesabu na vidole ndani ya mufuko wa koti, watu wasione. Ni kweli. Mutoto akaeleza: mbuzi moja ikitoka, kuku mbili zinaingia, ndiyo maana kuku zinakuja mbili-mbili. Mwalimu alikuwa hajawaambia hiyo. Mutoto aliiona mwenyewe ndani ya zizi.

Nikafikiri. Mupelelezi anataka hesabu moja, ile ya kweli. Huyu binti alifurahia zote. Nikamuambia mutoto abaki, mais kuanzia leo mwalimu ahesabu nyama za pori, zenye hazina mwenyewe. Akakubali. Mbuzi zangu zilibaki kwa shemeji wiki nzima bado.

Leo niko na nyumba ya matofali Butembo, mbuzi na kuku ambazo hesabu yake ninaijua mwenyewe, shamba ya viazi Lubero, parcelle ya kujenga nyumba Bungulu, pikipiki, redio, na mulango wa chuma wenye kufuli mbili.